Tahariri: Mafuta yanayofungua ngozi, nani atayajibia Kisangani?

Kila mkaaji wa Kisangani anazijua meza za mafuta. Ziko soko kuu, ziko Mangobo na Kabondo, na ukivuka mto utazikuta Lubunga. Mbele yamepangwa makopo yenye picha ya mwanamke mwenye uso mweupe. Pembeni kuna tubu ndogo za dawa ya ngozi, zile zinazopaswa kukaa katika duka la dawa. Nyuma kuna vikopo vya plastiki visivyo na jina lolote, ambamo muuzaji amechanganya mwenyewe mafuta ya aina tatu au nne. Mteja akiuliza kama mchanganyiko huo ni mzuri, jibu huwa lile lile: huu unapenya haraka.

Watu wameandika mengi juu ya kujichubua. Wengi wametukana akina mama, wengine wamewacheka vijana wanaume, maana nao wamo. Matusi hayakusaidia kitu. Leo tunataka kuzungumzia jambo ambalo halisemwi sana, nalo ni hilo neno "kupenya". Msimamo wetu ni huu: hatari ya mafuta hayo haitokani tu na dawa inayofanya ngozi iwe nyeupe, inatokana pia na kile kinachofungua ngozi ili dawa hiyo iingie. Mtu anayechanganya na kuuza kitu cha kufungua ngozi ya mwenzake lazima awe na wa kumjibia. Leo, katika mji wetu, hana.

Tuanze na ngozi yenyewe. Tabaka lake la juu kabisa, sehemu nyingi za mwili, lina unene wa milimita 0,01 hadi 0,02 tu. Karatasi moja ya daftari ni nene kuliko tabaka hilo mara kadhaa. Hata hivyo, ndilo linalotulinda. Limejengwa kwa chembe zilizokufa, ngumu, zilizopangwa safu juu ya safu kama matofali. Katikati ya matofali hayo kuna udongo wa kuyashikanisha, na udongo huo ni mafuta ya mwili wenyewe: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Mafuta hayo yamepangwa kwa mistari, yamebanana, na ndiyo yanayozuia maji ya mwilini yasitoke na sumu ya nje isiingie.

Ukuta huo haupitishi kila kitu. Wataalamu wa ngozi wana kanuni moja rahisi: molekuli yenye uzito unaozidi 500, kwa kipimo wanachokiita dalton, hupita kwa shida sana. Lakini hidrokinoni, dawa inayotumika sana kung'arisha ngozi, ina uzito wa 110 tu. Klobetasoli, ambayo ni dawa kali ya jamii ya kortikoidi, ina 467. Maana yake zote mbili ni ndogo kiasi cha kupita zenyewe, hata kabla mtu hajazisaidia.

Sasa ndipo vinapoingia vitu ambavyo hapa tutaviita vipenyezi. Ni kemikali zinazowekwa ndani ya mafuta, jeli au losheni ili zilegeze ukuta na kuruhusu dawa ipite kwa wingi zaidi. Baadhi yake ni majina yanayosomeka kwenye makopo mengi: alkoholi, propilini glikoli, yurea, asidi ya salisili, asidi ya oleiki. Kila kimoja kina njia yake ya kufanya kazi. Alkoholi huyeyusha sehemu ya yale mafuta yanayoshikanisha matofali na kuyatoa nje. Asidi ya oleiki ina mkia uliopinda, kwa hiyo inapojiingiza kati ya mafuta yaliyonyooka na kubanana, inaacha nafasi, kama kuni moja yenye kona ndani ya mzigo wa kuni zilizonyooka. Asidi ya salisili huachanisha chembe zenyewe hadi zibanduke. Propilini glikoli huingia na kuibeba dawa ndani yake.

Chini ya ukuta huo kuna chembe zilizo hai, na hapo mambo hubadilika. Kila chembe hai imefungwa ndani ya utando wake. Utando huo ni mwembamba sana: ungepanga karibu 20.000, mmoja juu ya mwingine, ndipo upate unene wa karatasi moja. Umefanywa kwa safu mbili za mafuta zilizogeuziana migongo, na ndio unaoamua chumvi gani iingie, sukari gani iingie, na uchafu gani utoke. Kipenyezi hakina macho. Hakijui kwamba kazi yake ilikuwa kulegeza tabaka lililokufa tu. Kikifika chini kwa wingi, kinafanya kwa utando wa chembe hai kile kile kilichofanya juu.

Watafiti waliofuatilia jambo hili kwa hesabu za kompyuta, wakitumia kipenyezi kinachoitwa DMSO, waliona hatua tatu. Kikiwa kidogo, utando hulegea na kuwa mwembamba. Kikiongezeka, matundu hufunguka, na maji hupita ovyo. Kikizidi kabisa, utando husambaratika. Chembe ambayo utando wake umetoboka huvuja, hutuma ishara ya hatari kwa mwili, na mwili hujibu kwa kuwasha, wekundu, uvimbe na maumivu ya moto. Mama akisema mafuta mapya "yanaunguza kidogo mwanzoni, halafu unazoea", mara nyingi hiyo ndiyo habari ambayo ngozi yake inamletea.

Tuseme wazi kwamba vipenyezi si sumu kwa kila namna. Hospitali zinavihitaji. Jeli ya kupaka goti linalouma na bandiko linalopitisha dawa polepole kwenye ngozi ni kazi ya elimu hiyo. Bandiko la kwanza la namna hiyo lilikubaliwa Marekani mwaka 1979, kwa ajili ya watu wanaotapika safarini. Tofauti ni kwamba kiwandani kila gramu hupimwa: dawa kiasi gani, kipenyezi kiasi gani, mahali gani pa mwili, kwa siku ngapi. Muuzaji anayechanganya mafuta kwa kijiko nyuma ya meza hana kipimo chochote kati ya hivyo.

Anayefikiri kwamba kibebaji ni jambo dogo aangalie mfano mmoja ambao wafamasia wote wanaujua. Kuna dawa ya ngozi inayoitwa betametazoni dipropioneti, kwa kipimo cha 0,05 kwa mia. Ikiwekwa ndani ya krimu ya kawaida, inahesabiwa kuwa dawa yenye nguvu. Ikiwekwa dawa ile ile, kwa kipimo kile kile, ndani ya kibebaji chenye propilini glikoli kilichotengenezwa ili kuipenyeza zaidi, inapanda hadi kundi la juu kabisa, la dawa kali kupita zote. Dawa haikuongezwa hata chembe. Kilichobadilika ni kilichoibeba. Basi fikiria kinachotokea mtu anapokamua tubu nzima ya klobetasoli ndani ya losheni yenye alkoholi na asidi ya salisili, akakoroga, akauza. Hakuna anayejua nguvu ya kitu kilicho ndani ya kile kikopo. Muuzaji hajui. Mnunuzi hajui. Hata daktari atakayempokea mgonjwa hatajua.

Mahali pa kupaka pia ni jambo kubwa. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Feldmann na Maibach, walipima jinsi kortikoidi moja dhaifu inavyoingia sehemu mbalimbali za mwili. Wakiuhesabu mkono, chini ya kiwiko, kuwa 1, paji la uso lilipitisha mara 6, taya mara 13, na ngozi ya korodani mara 42. Unyayo ulipitisha sehemu 1 kwa 7 tu. Sasa jiulize: mwenye kujichubua anaanza wapi? Usoni. Anapaka mara nyingi asubuhi na jioni. Na Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kuna joto na unyevu mwaka mzima. Joto hufungua mishipa ya damu ya ngozi, na ngozi iliyolowa jasho huvimba na kupitisha zaidi. Jua nalo huwasha ngozi iliyokwisha kupoteza rangi yake ya kujikinga.

Ngozi ina subira, lakini inahitaji muda. Ikiachwa, tabaka la juu hujijenga upya katika muda wa karibu mwezi mmoja. Anayepaka mara mbili kwa siku haiachii ngozi nafasi hiyo. Tena kortikoidi zenyewe huipunguzia ngozi uwezo wa kutengeneza mafuta yake ya kushikanisha, na huifanya iwe nyembamba. Kwa hiyo dozi ya leo inabomoa ukuta, na dozi ya kesho inaingia kwa wingi zaidi. Mtu hajaongeza mafuta, lakini mwili wake unapokea zaidi kila mwezi. Hii ndiyo sababu kubwa ya kusema kwamba miaka ya kwanza "haikunidhuru" haina maana yoyote kwa miaka inayofuata.

Maelekezo ya klobetasoli yanasema wazi: isizidi gramu 50 kwa wiki, na isitumiwe zaidi ya wiki mbili mfululizo. Ni dawa ya ugonjwa, si mafuta ya mwili. Anayejipaka mwili mzima kwa miaka huipitisha hadi kwenye damu. Hapo sukari inaweza kupanda, na presha pia. Tezi zinazotengeneza kortikoidi ya mwili wenyewe husinzia, kwa kuwa zinaona kazi yao inafanywa na mwingine. Ngozi hupasuka mistari, vidonda huchelewa kupona, na mama aliyefanyiwa upasuaji wa kujifungua anaweza kukuta mshono wake haushiki vizuri. Kwa hidrokinoni, madaktari wa ngozi wa Afrika Kusini walieleza mwaka 1975 madoa meusi yenye rangi ya bluu yanayotokea usoni kwa watu walioitumia kwa muda mrefu. Mtu alitafuta weupe, akapata weusi usiotoka.

Kisha kuna zebaki. Wakaaji wa Tshopo wanaifahamu metali hii kupitia machimbo ya dhahabu, ambako hutumiwa kukamata chembe za dhahabu. Chumvi za metali hiyo hiyo zimekutwa katika sabuni na mafuta ya kujichubua sehemu nyingi za dunia. Shirika la Afya Duniani linasema sabuni hizo huwa na chumvi za zebaki kiasi cha 1 hadi 3 kwa mia, na krimu 1 hadi 10 kwa mia. Mkataba wa Minamata hapo awali uliweka kikomo kwa vipodozi: sehemu 1 tu katika milioni moja. Zebaki hupita kwenye ngozi, hukaa kwenye figo, na kwa mama mwenye mimba inaweza kumfikia mtoto. Wa nyumbani pia hawako salama, kwa sababu mvuke na mabaki hubaki kwenye taulo na mashuka.

Dunia ilikwisha kupata fundisho juu ya vipenyezi, na lingetufaa. Mapema katika miaka ya 1960, daktari Stanley Jacob wa jimbo la Oregon, Marekani, alitangaza maajabu ya DMSO, kemikali inayopatikana katika kazi ya kutengeneza karatasi kwa miti. Ukiipaka mkononi, baada ya dakika chache unasikia ladha ya kitunguu saumu mdomoni: imekwisha kupita ngozi na kuingia katika damu. Watu walikimbilia kuitumia kwa kila maumivu. Mwezi wa Novemba 1965, serikali ya Marekani ilisimamisha majaribio yake kwa watu, baada ya macho ya wanyama wa maabara kuonyesha mabadiliko. Ilipokubaliwa mwaka 1978, ilikuwa kwa ugonjwa mmoja wa kibofu tu. Kitu kinachopita ngozi haraka hivyo hakikuachwa mikononi mwa kila muuzaji. Kilirudishwa kwa daktari.

Barani kwetu pia wenzetu wametenda. Afrika Kusini ilikataza hidrokinoni katika vipodozi mwaka 1990. Kenya ilikataza mafuta yenye hidrokinoni, zebaki na kortikoidi mwaka 2001. Rwanda, mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, ilituma wakaguzi na polisi madukani kuyaondoa. Sisi tuliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Biashara inavuka mipaka kirahisi zaidi. Kinachokataliwa kwa jirani hutafuta soko mahali ambapo hakuna anayeuliza, kisha hupanda lori au mtumbwi wa injini mpaka kifike Boyoma.

Tunajua wapo watakaotupinga. Wa kwanza watasema: mwili ni wangu, nafanya ninachotaka. Ni kweli, mwili ni wako. Lakini uhuru wa kuchagua unahitaji kujua unachochagua, na kikopo kisicho na jina hakimpi mtu nafasi ya kuchagua kitu. Wa pili watasema mama muuzaji analea watoto wake kwa meza hiyo. Hilo nalo ni kweli, na hatutaki aje polisi ampige faini leo, amrudishie bidhaa kesho kwa kitu kidogo mfukoni. Mama huyo anaweza kuuza mafuta ya mawese yaliyosafishwa, mafuta ya nazi, sabuni, vaselini na losheni zenye orodha inayosomeka. Asichopaswa kuuza ni tubu za kortikoidi na michanganyiko yake mwenyewe. Tena yeye huchanganya kwa mikono mitupu, kila siku. Ngozi yake ndiyo ya kwanza kufunguliwa.

Wapo pia watakaosema tatizo ni akili zetu, kwamba tungejipenda tulivyo mambo yangekwisha. Tunakubali kuna kazi ya kufanya nyumbani, shuleni na makanisani, na hasa kwa wanaume wanaosifu weupe halafu wanawacheka wanawake wanaoutafuta. Lakini kazi hiyo ni ya kizazi kizima. Figo haingoji kizazi.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na tunayaomba kwa wenye kazi hiyo.

Kwanza, mamlaka ya dawa ya taifa, ACOREP, pamoja na idara ya afya ya jimbo, waondoe tubu za klobetasoli na betametazoni kwenye meza za soko. Ziuzwe katika duka la dawa, kwa karatasi ya daktari.

Pili, meya wa mji na wakuu wa komini zote sita wakataze kuchanganya na kuuza mafuta yasiyo na jina, na wapite sokoni kueleza kabla ya kuadhibu. Waeleze kwa Kiswahili na kwa Lingala, si kwa tangazo la Kifaransa lililobandikwa kwenye ukuta wa ofisi.

Tatu, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, OCC, ishirikiane na Chuo Kikuu cha Kisangani kuchukua sampuli sokoni, kuzipima, na kutangaza matokeo kwa majina ya bidhaa. Tuna walimu wa kemia na wa tiba. Wanafunzi wao wanatafuta kila mwaka mada ya kazi ya mwisho. Hii ni mada.

Nne, vituo vya afya viwaulize akina mama wanaopima mimba, na wagonjwa wote wa sukari na presha, swali moja bila hukumu: unapaka nini kwenye ngozi? Swali hilo halihitaji mashine wala bajeti ya Kinshasa.

Na kwako, ndugu msomaji, kama wewe au mtu wa nyumbani kwako anatumia mafuta hayo, usimwambie ayatupe yote leo usiku. Aliyetumia kortikoidi kali kwa muda mrefu akiacha ghafla, ngozi inaweza kulipuka, na mwili unaweza kukosa nguvu kabisa kwa sababu tezi zake bado zimesinzia. Aende kwa daktari na kikopo chake mkononi, ili apunguziwe polepole. Akisikia kizunguzungu kikali, kutapika au udhaifu wa ghafla, aende hospitali siku hiyo hiyo. Asiwapake watoto mchanganyiko wowote. Na kabla ya kununua, asome kopo: akiona "hydroquinone", "clobétasol", "bétaméthasone", "mercure" au "mercury", alirudishe mezani. Asipoona orodha yoyote, alirudishe pia. Akikosa jina haina maana kwamba dawa haimo: zebaki mara nyingi haiandikwi.

Siku nyingine muuzaji akikuambia mafuta yake yanapenya haraka, usishangilie. Muulize yanapenya na nini, yanafika wapi, na nani amepima. Asipokuwa na jibu, ujue jibu lipo ofisini kwa wale tuliowataja hapo juu, na sisi sote tuna haki ya kwenda kuwauliza.